Fulana za Rangi Saba

Samuye haina bahari. Ni kata ya Shinyanga Vijijini, nchi ya mpunga, pamba na ng'ombe, na maji mengi ambayo mtu huyazoea huku ni ya lambo. Bandari yetu ya jirani ni Isaka, nayo ni bandari ya nchi kavu: makontena huja kwa reli na kuondoka kwa malori. Mtu anayekaa hapa akaanza kuzisifia meli za kubebea ndege ataulizwa zinamhusu nini. Zinamhusu, kwa sababu ukishamaliza kushangaa ukubwa wa chuma, unachobaki kukitazama ni watu: jinsi watu elfu kadhaa, wengi wao vijana, walivyopangwa kufanya kazi ya hatari mahali padogo, usiku na mchana, pasipo mmoja kumuua mwenzake. Kwenye ukanda wa dhahabu kazi ya namna hiyo tunaifahamu. Mwanaapolo, mchimbaji aliye chini ya duara la mgodi, hamwoni aliyeshika winchi juu. Roho yake iko kwenye mkono wa mtu huyo, na kwenye ishara waliyokubaliana.

Meli ya aina hii imewahi kufanya kazi nchini kwetu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Kesho yake wenzao wa Tabora wakafuata. Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa Uingereza, na alfajiri ya tarehe 25 helikopta ziliruka kutoka kwenye sitaha ya HMS Centaur zikiwa na makomandoo wa kikosi cha 45 cha Royal Marines. Manowari nyingine, HMS Cambrian, ilifyatua mizinga ili kuwababaisha waasi. Asubuhi hiyohiyo kambi ikasalimu amri. Kwa Mwalimu ilikuwa fedheha kuwaita tena watu ambao nchi ilikuwa imetoka kuwaaga. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo jeshi jipya, JWTZ, likazaliwa.

Upande wa siasa wa asubuhi ile umeandikwa sana. Upande wa mafundi haujaandikwa. Centaur ilikuwa Aden, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kurusha na kupokea ndege za kivita. Ghafla ikatakiwa ipakie makomandoo wapatao mia sita, magari ya deraya na helikopta za jeshi la anga ambazo hazikuwa zake, kisha ikimbilie kusini. Anayeijua sitaha huanza kujiuliza maswali ya kifundi. Ndege zilizokuwapo zilisogezwa wapi? Nani aliamua gari lipi litangulie kuingia ili lisilizibie njia la pili? Mia sita wale walilala wapi, na nani aliwapikia? Hakuna mtambo uliojibu maswali hayo. Waliyajibu watu waliokuwa wameishi na sitaha ile hadi wakaijua kama mtu anavyokijua chumba chake gizani.

Meli kubwa kuliko zote za namna hii ni za Marekani. Zile za aina ya Nimitz zina urefu wa mita 333, na zikiwa safarini hubeba watu wapatao 5,000, wa meli na wa ndege pamoja. Juu ya sitaha kelele za injini ni kubwa mno hata maneno hayafai kitu. Kwa hiyo watu husomana kwa rangi. Fulana ya njano ni ya anayeongoza ndege: pale sitahani rubani haendi hata hatua moja bila mikono yake. Kijani ni ya mafundi wa ndege na wa mitambo ya kurushia na kunasia. Zambarau ni ya mafuta. Nyekundu ni ya silaha na ya wazima moto. Buluu ni ya wanaofunga minyororo, kuweka kabari kwenye magurudumu na kuendesha trekta za kuvutia ndege. Kahawia ni ya kijana aliyekabidhiwa ndege moja kuitunza, anayeikagua kila kona kabla ya kumkabidhi rubani. Nyeupe ni ya usalama na matibabu.

Tazama ndege moja tu ikirushwa. Manati ya mvuke itaitoa ndege kwenye kusimama hadi mwendo unaozidi kilomita 250 kwa saa, kwa muda wa sekunde mbili hivi. Nguvu ya mvuke lazima ilingane na uzito wa ndege siku hiyo, saa hiyo, pamoja na mafuta na mabomu iliyobeba. Ikipungua, ndege inaanguka baharini mbele ya meli yenyewe. Ikizidi, inaweza kuvunja gurudumu la mbele. Basi kijana wa fulana ya kijani husimama mbele ya rubani akiinua ubao wenye tarakimu za uzito. Rubani anazisoma, anakubali au anakataa kwa ishara ya mkono. Tarakimu zinapelekwa kwa anayepima mvuke, naye anathibitisha. Ni watu watatu wanaoulizana swali lilelile, na hakuna anayeona ametukanwa kwa kuulizwa.

Kutua ni kugumu zaidi. Ndege huning'iniza kulabu mkiani ili inase moja ya nyaya nene zilizotandazwa sitahani, nazo hukazwa upya kulingana na aina na uzito wa kila ndege inayokuja. Magurudumu yakishagusa chuma, rubani haondoi nguvu ya injini. Anaiongeza hadi mwisho, kwa sababu kulabu ikikosa waya itabidi aruke tena papo hapo. Karibu na mkia wa meli husimama rubani mwenzake aliyevaa kizibao cheupe, akiitazama ndege inavyokuja na kuzungumza naye kwa redio. Huyo akiashiria kwamba haitui, haitui. Cheo cha aliye ndani ya ndege hakiingii katika hesabu.

Kabla ya ndege kuruka, hufanyika kazi nyingine isiyo na fahari yoyote. Watu hujipanga mstari mmoja kutoka ukingo huu wa sitaha hadi ule, maofisa na vijana wa chini pamoja, wakatembea taratibu wakitazama chini. Wanatafuta nati, kipande cha waya, hata jiwe dogo, chochote ambacho injini ikikivuta itaharibika. Na ndani ya mnara wa meli, kwa miaka mingi palikuwa na meza yenye umbo la sitaha, juu yake vidude vidogo vya umbo la ndege. Juu ya kila kidude waliweka nati au boliti kuonyesha ipi inahitaji mafuta, ipi mbovu, ipi iko tayari. Meli yenye vinu vya nyuklia ikawa inaendesha sitaha yake kwa nati juu ya meza, na ikafanya hivyo kwa miongo kadhaa kwa sababu aliyeitazama meza ile alielewa mara moja.

Utaratibu wote huo umelipiwa kwa maisha ya watu. Tarehe 29 Julai 1967, karibu na Vietnam, roketi ilifyatuka kwa bahati mbaya kwenye sitaha ya USS Forrestal na kupasua tangi la mafuta la ndege nyingine. Wazima moto waliofunzwa walikimbilia pale, na baada ya kama dakika moja na nusu bomu la kwanza lililipuka na kuwaua wengi wao. Waliobaki walikuwa na ujasiri wote lakini ujuzi haukuwapo: huyu anamwaga povu, yule anapiga maji na kulifagia povu lile, na mafuta yanayowaka yanazidi kusambaa. Walikufa watu 134. Tangu hapo kila anayeingia kwenye meli za jeshi la majini la Marekani, awe mpishi au karani, hufundishwa kwanza kuzima moto.

Cha ajabu ni kwamba ujuzi huu wote unakaa kwa watu wanaopita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley waliokwenda kuishi kwenye meli hizi miaka ya 1980 waliona kitu ambacho vitabu vya uongozi vingesema hakiwezekani: kila mwaka sehemu kubwa ya wafanyakazi huondoka na kuja wapya wasiojua lolote, na bado kazi inakwenda. Siri ni kwamba kufundisha hakukomi hata siku moja. Aliyejifunza mwezi uliopita anamfundisha aliyefika leo, na ofisa mpya anafundishwa na baharia mzee aliye chini yake kwa cheo bila mmoja wao kuona haya. Kuna kisa kinachosimuliwa cha baharia wa USS Carl Vinson aliyegundua kwamba amepoteza chombo chake cha kazi sitahani. Aliripoti. Ndege zilizokuwa angani zikaelekezwa zikatue nchi kavu, shughuli zikasimama hadi chombo kikapatikana. Kesho yake wakamwita mbele ya wenzake, wakampongeza.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini kuzipatia manowari watu ni kugumu kuliko kuzijenga. Siku hizi majeshi ya majini yanataka meli zenye watu wachache. HMS Queen Elizabeth ya Uingereza, yenye tani zipatazo 65,000, imeundwa iendeshwe na watu wapatao 700 bila kuhesabu wa ndege, kwa sababu mitambo inabeba kazi nyingi iliyokuwa ya mabega. Marekani walijaribu kwenda mbali zaidi: meli zao ndogo za vita vya pwani zilipangiwa watu 40 wa msingi, na uzoefu ukawalazimisha kupandisha idadi hadi karibu 70. Watu wakiwa wachache, kila mmoja anavaa fulana mbili au tatu. Akiugua mmoja, pengo lake ni la watu watatu.

Mwaka 2017 deni la kupunguza watu lilidaiwa. Mwezi Juni USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena karibu na Japani, wakafa mabaharia 7. Mwezi Agosti USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa 10. Uchunguzi ulikuta uchovu na mafunzo hafifu. Ukaguzi wa serikali ya Marekani ulikuwa umeshaonyesha kwamba baadhi ya mabaharia walifanya kazi zaidi ya saa 100 kwa wiki. Kwenye McCain, baadhi ya walioshika zamu walikuwa wameazimwa kutoka meli nyingine ambayo mitambo yake ya usukani haikufanana na ile, na katika dakika za mwisho palitokea mkanganyiko juu ya nani anadhibiti nini. Watu wa kujaza viti walikuwapo. Ufundi ule wa kujuana kwa mikono haukuwapo.

Sisi wa kanda hii tuna meli zetu, na hesabu yake ni hiyohiyo. MV Victoria iliundwa Glasgow, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini mwaka 2020, na hubeba abiria 1,200 usiku kucha kati ya Mwanza na Bukoba. Usiku huo wote kuna mtu chumba cha mashine anayesikiliza injini, mtu kwenye usukani, na mtu wa kuwapokea zamu. Lakini aliye muhimu kuliko wote anaonekana kabla meli haijang'oa nanga: ni yule wa getini anayehesabu vichwa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa na uwezo wa kubeba watu 101, wakafa zaidi ya 220, habari za watu kupita kiasi zilikuwa katika vinywa vya kila mtu. Idadi ya abiria hupimwa na mtu, na mtu huyo lazima awe na uwezo wa kusema imetosha, hata kama aliyesimama mbele yake na begi ni mheshimiwa.

Vijana wa Samuye wanaotoka kutafuta maisha wengi huelekea machimboni Mwakitolyo, Kakola au Geita. Wachache huenda jeshini, na Jeshi letu la Majini huwachukua hata wasiowahi kuona wimbi. Mwingine anaweza kupita Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Ajue tu kwamba njia ni ndefu. Kwa kanuni za kimataifa, anayetaka cheti cha kwanza cha ofisa wa zamu anatakiwa awe ametumikia baharini angalau mwaka mzima ndani ya mafunzo yanayotambuliwa, na bila mafunzo hayo ni miaka mitatu. Ndipo ngazi nyingine zifuate, kila moja na miaka yake, hadi unahodha. Meli mpya ya MV Mwanza ilianza kuundwa mwaka 2019 na ikashushwa majini Februari 2023. Nahodha wa kuiongoza hakuweza kuundwa kwa muda huo. Alikuwa ameanza kuundwa zamani, na mtu mwingine aliyemvumilia akiwa hajui.

Siku ile ya Februari tuliambiwa urefu wake, mita 92.6, na abiria wake 1,200, na tani zake 400 za mizigo. Ni takwimu za kujivunia. Siku meli nyingine itakaposhushwa, orodha hiyo iongezwe mstari mmoja: ni nani, katika vyeo vya chini kabisa vya meli hii, mwenye ruhusa ya kuizuia isiondoke, na akiizuia atapongezwa na nani.