Pongezi kwa Wachunguzi wa Mbu wa Ifakara

Mwanafunzi anayeuliza baiolojia itamfikisha wapi aelekezwe Ifakara, mkoani Morogoro. Mji huo wa Bonde la Kilombero, maarufu kwa mpunga, una taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya watafiti kutoka Uswisi.

Kazi huko huanzia kwenye mambo ya darasani. Mtafiti humlaza mbu chini ya hadubini na kutazama vipapasio: vya dume vina manyoya tele, vya jike ni vyembamba. Jike ndiye anayeuma, kwani huhitaji damu ili mayai yake yakomae. Kisha humpasua na kuchunguza ovari, zinazoonyesha kama amewahi kutaga. Aliyekwisha kutaga huenda ameishi muda wa kutosha kueneza malaria.

Ujuzi huo ndio unaotumika kupima vyandarua vyenye dawa na mitego mipya. Taasisi hiyo pia ilishiriki majaribio ya RTS,S, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021.

Hongera kwa watafiti hao, na hongera kwa walimu wa baiolojia waliowafundisha kushika hadubini. Tukitaka teknolojia yetu wenyewe, tuanze kwa kuzipatia maabara za shule vifaa.