Boti za Fahari na Uzuri wa Chombo

Simama Kunduchi siku ya mapumziko uzitazame boti za fahari zielekeazo Mbudya: vioo vyeusi, mistari ya ubavuni imelazwa nyuma, utadhani zinakimbia nazo zimetia nanga. Watoto wetu huziita nzuri. Hizo ni za mtindo, na mtindo ni jambo jingine.

Enda Bagamoyo uitazame ngalawa. Mirengu yake miwili haikutiwa kwa pambo. Bila ya hiyo gogo lile jembamba lingepinduka. Na mwanao akiisifu, ajue ni kazi ya fundi anayoisifu.

Wala sisemi nakshi ni kosa. Mitepe ya wazee wetu, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi, ilichorwa macho omoni, na umbo la chombo likabaki la chombo. Boti hizi zimeazima sura ya ndege (na gari la mashindano pia), wala hazina pa kurukia.

Ajabu ni kuwa pahala pazuri khasa pa boti hizo hapaonekani: ni lile tumbo lililochongoka lipate kupasua mawimbi. Huko chini bahari haikumwachia fundi nafasi ya kujionyesha. Zikipandishwa pwani kupakwa rangi, mchukue mwanao umwonyeshe hapo.