Monet alivyounyamazisha Mfereji Mkuu wa Venice

Mfereji Mkuu ndio barabara kuu ya Venice. Mchoraji Claude Monet alipofika huko Oktoba 1908, akiwa na miaka 67, boti za mvuke zilikuwa zikibeba abiria kutwa kucha. Ila ukiitazama picha yake "Palazzo da Mula" utaona ukuta wa jumba la kale, maji, na mashua chache za gondola zilizotulia. Basi. Ukimya huo hakuukuta pale. Ameutengeneza kwa brashi.

Kwanza amekata. Paa la jumba limeachwa nje ya turubai, na anga halionekani hata kidogo. Canaletto, aliyeuchora mji huohuo katika karne ya 18, aliupa anga pana na umati wa watu chini yake. Monet anakufungia kila njia, jicho likabaki kati ya ukuta na maji.

Pili ni rangi. Miaka hiyo nyeusi haikuwamo katika rangi alizotumia. Kwa hiyo uwazi wa madirisha na miili ya gondola, ambavyo ukiwa mbali unadhani ni vyeusi, ni buluu na zambarau zilizokolezwa. Nyeusi tupu ingetoboa ukuta. Buluu inaushika pamoja na maji, picha nzima ikawa na pumzi moja.

Lakini ufundi mkubwa, kwa macho yangu, uko pale ukuta unapokutana na maji. Hakuna mstari. Rangi za ukutani zinashuka hadi chini, kisha mipigo ya brashi inalala: mifupi, ya mlalo, kijani juu ya zambarau, ikiyarudia madirisha vipandevipande. Unajua umefika majini kwa sababu mkono wa mchoraji umegeuka.

Wengi husema wachoraji kama Monet walinasa dakika moja tu. Ni nusu ya ukweli. Kweli, huko Venice kila turubai ilikuwa na saa yake ya siku. Lakini Monet aliondoka Desemba na picha nyingi zikiwa hazijakamilika, akaendelea nazo nyumbani Giverny. Mkewe Alice, aliyesafiri naye, alifariki 1911. Mwaka uliofuata picha 29 za Venice zikaonyeshwa Paris.

"Palazzo da Mula" ipo National Gallery of Art, Washington. Ukijaliwa kufika, isogelee mpaka jumba lipotee zibaki rangi, kisha rudi nyuma taratibu uone linavyojijenga upya.