Kuanzia Mwisho

Kumvalisha mtoto sweta la shule ni kazi ya nusu dakika. Kumfundisha mtoto mwenye usonji alivae mwenyewe huweza kumaliza muhula, na hapo ndipo ufundi wa mtaalamu wa tiba kwa vitendo unapoonekana.

Haanzii mwanzo. Anamvalisha yeye mwenyewe, kichwa, mkono huu, mkono ule, analishusha sweta hadi karibu na kiuno, kisha anaondoa mikono yake. Kumebaki kuvuta kidogo tu. Mtoto anavuta, kazi imekwisha, na aliyeimaliza ni yeye. Hilo likizoeleka, anaachiwa hatua mbili za mwisho, baadaye tatu, hivyo hivyo kwa kurudi nyuma mpaka alivae lote. Sisi wengine hufanya kinyume: tunamwanzisha, anakwama katikati, tunammalizia upesi kwa sababu kengele imelia. Alichojifunza hapo ni kukwama.

Lakini kwanza kuna kutazama. Mtoto anayejibamiza ukutani au kuwaparamia wenzake, mwalimu aliyechoka atamwita mtukutu. Mtaalamu wa tiba hiyo, Mmarekani A. Jean Ayres, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alisisitiza hisi tunazozisahau: ya mizani, na ile ya misuli na viungo inayokujulisha mkono wako ulipo hata ukiwa gizani. Huenda mtoto yule anautafuta mwili wake. Basi hupewa kazi nzito yenye maana: abebe madaftari hadi ofisini, asogeze madawati. Si kila mtoto hutulia kwa hilo, kwa hiyo mtaalamu hujaribu, huandika alichokiona, hubadili. (Fulana zenye uzito za kumtuliza mtoto zinauzwa ghali, na ushahidi kwamba zinasaidia ni hafifu.)

Mimi hustaajabia zaidi kipande cha chaki anachompa mtoto aandikie. Chaki nzima mtoto huifumbata kiganjani. Iliyokatika fupi haishikiki ila kwa ncha za vidole, na ndivyo kalamu inavyotakiwa kushikwa. Ubao nao, kwa kuwa umesimama, humlazimu kuinua mkono, na bega hupata nguvu. Hakuna kilichonunuliwa.

Nchini Tanzania wengi wa wataalamu hawa wamesomea katika hospitali ya KCMC, Moshi, na ni wachache mno kwa shule zilizopo. Ndiyo maana aliye mwerevu kati yao, akifika shuleni, hukaa zaidi na mwalimu kuliko anavyokaa na mtoto: amwonyeshe, amwache ajaribu mbele yake, wakubaliane ni hatua ipi ya kumwachia mtoto hadi atakaporudi.