Pete Inashuka Sawa

Chini ya vilima vya mawe kuzunguka Mwanza, mvua huzama kwenye luseni, udongo wa kichanga uliozaliwa na mwamba wenyewe, hadi ikutane na jabali lisilopitisha maji. Hapo ndipo fundi wa kisima cha pete za zege hulenga. Ufundi huu ulienea sana kupitia HESAWA, mradi uliofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera kuanzia 1985 hadi 2002.

Kazi yenyewe hungoja mwisho wa kiangazi, maji ya ardhini yakiwa yameshuka kabisa. Kisima cha masika hudanganya: Aprili kimejaa, Septemba kimekauka.

Pete za zege humwagwa kwanza kwenye kalibu ya chuma: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Zikitoka hufunikwa magunia na kunyweshwa maji asubuhi na jioni, wiki nzima au zaidi. Zile za chini kabisa hupunguziwa mchanga ili maji yapenye.

Pete ya kwanza ikishalazwa, fundi anaingia ndani yake, na hapa ndipo ninapopenda kumtazama. Anachimba katikati, kisha kwa sururu fupi anatoa udongo chini ya ukingo: kidogo upande huu, kidogo upande wa pili. Pete inashuka kwa uzito wake. Anaweka pima maji juu ya ukingo, anasogea robo ya mduara, anapima tena. Upande uliotangulia anauacha, anachimba uliobaki nyuma. Pete ikiinama na kukwama, zote zitakazopangwa juu yake zitafuata, na kijijini hakuna mashine ya kuzinyoosha. Juu vijana wanavuta ndoo za udongo kwa kamba na kapi. Hakuna anayeweka jembe ukingoni, maana chini kuna mtu.

Maji yanatokea. Vijana wanashangilia, fundi anaomba ndoo nyingine. Yanachotwa huku akizidi kuchimba, mpaka yamshinde kasi.

Baadaye kokoto hujazwa nyuma ya pete za chini, udongo wa mfinyanzi hushindiliwa juu, mfuniko na pampu ya mkono hufungwa. Mwisho ni sakafu na mfereji. Fundi anamwaga ndoo moja na kuyafuata maji hadi kwenye migomba. Yakituama popote, anabomoa pale na kusakafia upya, kwa kuwa dimbwi la juu ndilo linalochafua kisima.