Ampli ya Taa Katika Kwaya

Vijana wa kwaya hapa Baraka wametuuliza mara nyingi swali moja: je, ni kweli kwamba ampli za gitaa za zamani, zile za taa, zazipita hizi mpya kwa uzuri wa sauti? Wamesikia habari hizo kwa wapiga gitaa watokao Bujumbura na Uvira, na wengine wadhani kwamba uzee wenyewe ndio uzuri. Sisi tunayo moja. Tuliinunua Uvira kwa mtu aliyeifanya meza ya kuwekea sahani, na tumeitumia miaka minne sasa. Basi twaweza kusema yale tuliyoyasikia kwa masikio yetu.

Kwanza tueleze maana ya taa, kwani wako wasomaji watakaodhani kwamba ni taa za kumulika. Taa ya ampli ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna uzi upashwao moto mpaka uwe mwekundu, na kwa moto huo umeme hutoka na kurukia bamba la chuma. Katikati pana wavu mwembamba. Umeme mdogo utokao kwenye gitaa huingia katika wavu huo, nao huutawala ule mkubwa, kama mtu afunguaye na kufunga mlango wa mfereji kwa mkono mmoja. Mwingereza Fleming aliivumbua taa hii mwaka 1904, na mwaka 1906 Mmarekani De Forest akaitia kipande cha tatu, ndicho kilichokuwa wavu. Redio kubwa za babu zetu zilikuwa za namna hiyo, mpaka transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ilipozifukuza nyumbani. Jioni taa zetu tano huwaka nyuma ya sanduku kama taa za wavuvi wa ndagala ziwani, na watoto hupenda kuchungulia. Lakini hilo ni la macho tu.

La masikio ni hili. Taa ikizidiwa nguvu haiikati sauti ghafula, bali huikunja kidogo kidogo, ikawa nene, yenye mkwaruzo laini. Transista ikizidiwa hukata kama panga. Kwa hiyo mbele ya taa mkono wa mpigaji ndio wenye kazi: kidole kikigusa polepole, sauti ni safi, kikikaza, sauti yakoroma, bila mtu kugusa kitufe chochote.

Katika kwaya yetu yuko mzee mmoja aliyepita miaka sabini. Gitaa alijifunza utotoni kwa kuzisikiliza nyimbo za Katanga; vita vya mwaka 1996 vikamvusha ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu, naye akarudi mikono mitupu. Siku ya kwanza alipopiga kwa ampli yetu, alipiga polepole sana, hata tukadhani ameogopa. Kumbe alikuwa akiipima. Tulipomwazimia ampli ya transista ya jirani, alipiga nyimbo mbili akaliweka gitaa chini. Kila alichogusa, kwa upole au kwa nguvu, kilitoka sawasawa kama unga wa kinu. Wako mafundi watengenezao transista nzuri kuliko ile, twajua. Lakini hiyo ndiyo iliyopatikana kwa bei yetu.

Hata hivyo tusiisifu taa kwa sifa isiyo yake. Usikilizeni wimbo «Indépendance Cha Cha», uliorekodiwa Brussels mwaka 1960 na African Jazz ya Joseph Kabasele. Ampli za gitaa za siku zile karibu zote zilikuwa za taa. Lakini gitaa la Nico Kasanda halipigi kelele hata mara moja. Laingia mahali mwimbaji apumuapo, lasema neno lake, lampisha. Tena Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, hakuwa na ampli kabisa. Kwa kidole gumba na cha shahada alipata kama magitaa mawili katika moja, na Kiswahili chake chasikika chote. Adabu ile haikutoka katika kioo.

Nasi tulikosa adabu hiyo Jumapili moja. Vijana walitaka ule unene wa sauti, na unene haupatikani mpaka taa zisukumwe. Wakazungusha kitufe mpaka mwisho. Wati 15 zaonekana chache kwenye karatasi, lakini chini ya bati zilizimeza sauti za waimbaji arobaini. Sisi tulikuwapo, tukanyamaza, maana tulipendezwa. Baada ya Misa mama mmoja aketiye nyuma alituuliza nje: «Mwalimu, leo wakati wa komunyo mliimba nini?» Wimbo ule ameuimba tangu utoto wake.

Tangu siku hiyo viongozi wa kwaya watushauri tuiuze, tununue ampli mpya na vipaza sauti viwili vya waimbaji. Hoja zao si ndogo. Umeme wetu ni wa jua na wa jenereta. Ampli hii hula wati zipatazo 80, yaani si chini ya ampea 7 kila saa katika betri ya volti 12, hata ikiwa imenyamaza. Taa mpya hutengenezwa katika viwanda vichache tu, vya Urusi, Slovakia na China, na kuzingojea ni kazi ya miezi. Mara moja tulisahau kugeuza kitufe cha volti kutoka 110, tukaona moshi. Tena ndani yake hukaa volti 300 na zaidi, na zaweza kumwua mtu hata baada ya waya kuchomolewa. Asiye fundi asifungue.

Twakubali kwamba vipaza sauti vyatangulia. Maneno ya wimbo yakipotea, gitaa lasindikiza nini? Lakini maadamu mzee yule angali anapiga, ampli hatuiuzi. Fedha za vipaza sauti tutazitafuta kwa njia nyingine. Tumeiondoa mbele, tumeiweka sakafuni karibu na magoti yake, na kitufe kiko kwenye namba mbili. Vijana wananung'unika kwamba hawaisikii. Tumewaambia wasogee.