Kusifu Sanaa ya Kukadiria Umeme

Mtu aliyekaa Kakamega, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2000 na alasiri nyingi hazipiti bila ya mngurumo wa radi kutoka upande wa msituni, ameujua umeme kwa sura zake mbili za kuogofya: ule wa mbinguni, ambao hauombwi wala hauzuiliki, na ule wa nguzoni, ambao huja na volti 240 siku ukiwa umetulia, hupanda na kushuka siku usipotulia, na mara nyingine hutoweka kabisa saa ile ile ambayo watu wa nyumbani wanauhitaji mno. Baina ya wingi huo usio na kipimo na uhaba huo usio na miadi, upo umeme wa tatu, mdogo mno, upitao ndani ya simu iliyo mfukoni mwa abiria wa matatu aendaye Shinyalu au Mumias. Nao hugawanywa kwa insafu, kila kiungo kikapata haki yake kwa kadiri aliyoikusudia mwenye kukiunda. Wale waandikao programu za kuugawa umeme huo hawajulikani kwa majina, na kazi yao ikifanyika vyema haionekani kabisa, jambo ambalo kwangu ni sababu tosha ya kuwaandikia sifa.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Betri ya simu ikijaa hufika kiasi cha volti 4.2, na kadiri mwenyewe anavyozungumza, anavyotuma pesa na kusikiliza redio, hushuka polepole hata ikakaribia volti tatu na nusu. Ilhali viungo vilivyo vingi ndani ya simu haviko radhi kuipokea volti hiyo inayoyumba. Prosesa hutaka volti moja, na mara nyingi chini ya hapo. Memori kadi hutaka 3.3, kamera aghalabu hutaka volti za namna tatu mbalimbali, tena kwa utaratibu maalumu wa ipi itangulie na ipi ifuate. Kwa sababu hiyo, kati ya betri na viungo hivyo hukaa vidhibiti vya umeme, vimekusanywa pamoja katika kipande cheusi kisichozidi ukucha, ambacho mafundi wa simu hukiita aisii ya pawa. Vidhibiti hivi ni vya tabaka mbili. Tabaka la kwanza huishusha volti kwa kuigeuza ziada kuwa joto, hata ikiwa volti 4 yashushwa kuwa 1, robo tatu ya nishati yote imekwenda bure. Lakini umeme wake ni mtulivu, nao ndio ufaao kulishia vyombo vya sauti na vya redio, ambavyo huudhika kwa kelele ndogo kabisa. Tabaka la pili hufungua na kufunga mkondo mara milioni na zaidi kwa sekunde moja, koili na kapasita zikiusawazisha, na israfu yake ni ndogo. Muundaji wa simu huchagua kipi kikae wapi, na uchaguzi huo peke yake ungestahili insha yake.

Ila kidhibiti, hata kiwe bora namna gani, hakijui wakati. Hakijui kwamba mwenye simu amefunga kamera, wala kwamba prosesa karibuni itapewa kazi nzito. Anayejua ni kiendeshi, yaani ile programu ndogo iliyowekwa katika kiini cha mfumo ili kusimamia kifaa kimoja tu. Na hapa ndipo sanaa ninayoisifu ilipo. Zamani kila kampuni iliyotengeneza bodi ilikuwa na njia yake ya kuzungumza na vidhibiti, na kiendeshi kilichoandikwa kwa bodi hii kilikuwa hakifai kwa bodi ile mpaka kikatwe na kushonwa upya. Mwaka 2008, katika toleo la 2.6.27 la Linux, uliingizwa mpango mmoja wa kuvisimamia vidhibiti vyote, kazi iliyotoka kwa Liam Girdwood na Mark Brown, waliokuwa katika kampuni ya Wolfson Microelectronics ya mjini Edinburgh, Uskochi, kampuni ambayo riziki yake ilikuwa vipande vya sauti na vya umeme kwa vyombo vya kubeba mkononi. Na kwa kuwa simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, mpango huo ulifika sokoni Kakamega bila ya kupigiwa tarumbeta, nao sasa uko mikononi mwa mama mboga na mwa mwalimu sawasawa.

Ninachokistahi zaidi katika mpango huo ni adabu iliyowekwa ndani yake. Kiendeshi hakikiamrishi kidhibiti, hukiomba. Husema, nataka volti isiyopungua kiasi hiki wala kuzidi kiasi kile, na viwango hivyo huandikwa kwa mikrovolti, hata 3.3 ikawa 3300000, ili pasiwe na sehemu ya volti itakayopotea katika hesabu. Ombi hilo halipiti moja kwa moja. Hupimwa kwanza kwa mipaka aliyoiandika aliyeiunda bodi yenyewe, ambaye ndiye ajuaye ni nyaya zipi zimekwenda wapi na ni kiungo gani kitaungua volti ikizidi. Na kama aliyeiunda bodi hakuandika idhini yoyote ya kubadilisha volti, basi ombi hukataliwa, hata likiwa la haki namna gani. Ukimya, katika mpango huu, haukuhesabiwa kuwa ruhusa. Fauka ya hayo, ikiwa viendeshi viwili vinakula kutoka chombo kimoja, kila kimoja kikiwa na kiwango chake cha chini na cha juu, hutafutwa volti itakayoviridhisha vyote viwili, na isipopatikana, kilichokuja nyuma huambiwa wazi kwamba haja yake haikuwezekana, nacho hupaswa kuwa tayari kwa jibu hilo. Nimeziona kazi nyingi za uhandisi ambamo mwenye nguvu ndiye asikizwaye. Hii ni mojawapo ya chache ambamo aliye dhaifu kabisa, yaani kile kiungo kitakachoungua kwa sehemu ya kumi ya volti, ndiye aliyetangulizwa katika kutungwa kwa sheria.

Hesabu ya kuwasha na kuzima nayo ina uzuri wake. Katika ukumbi wa shule ya bweni, mwanafunzi wa kwanza kuingia kudurusu usiku huwasha taa, na wengine wakija huikuta inawaka. Anayetoka mapema hana ruhusa ya kuizima maadamu wenzake wangali wakisoma, na ni yule wa mwisho tu ndiye anayeizima. Ndivyo kidhibiti kinavyotunzwa. Kila kiendeshi kinachoomba umeme huongeza moja katika daftari, kila kinachomaliza haja yake hupunguza moja, na umeme hukatwa pale tu daftari linaporudi sifuri. Aliyeomba mara mbili sharti arudishe mara mbili. Anayerudisha asichokiomba hukemewa papo hapo kwa onyo katika kumbukumbu za mfumo, na onyo hilo si la kupuuzwa, kwa maana siku moja atakuwa amemzimia mwenzake taa. Anayeomba asirudishe hakemewi na mtu. Kosa lake huonekana mahali pengine, katika betri iliyolala ikiwa nusu na kuamka ikiwa tupu, na mwenye simu humlaumu aliyemuuzia betri.

Lakini ustadi wenyewe hauonekani katika kanuni za jumla kama unavyoonekana katika kisa kimoja kikitazamwa kwa karibu, nami nimeichagua memori kadi. Kijana wa Ikolomani ameijaza kadi yake nyimbo za isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, na sasa anaichomeka katika simu. Kiendeshi huanza kwa kuomba volti 3.3, kwa kuwa ndiyo volti ambayo kadi hiyo huamkia. Kadi huulizwa kama yaweza kwenda kwa mwendo wa kasi. Ikikubali, mwili wake utaendelea kulishwa kwa volti 3.3, lakini ishara zake, zinazotoka kidhibiti kingine, hazina budi kushushwa hadi 1.8. Hapo kiendeshi hupeleka amri ya 11. Kadi huitikia, kisha huzilaza chini nyaya zake kuonyesha kwamba imefahamu. Mapigo ya saa husimamishwa, ili lisipite neno lolote katikati ya mageuzi. Kidhibiti cha ishara huombwa kushuka. Kisha hungojwa. Kanuni ya watengenezaji wa kadi yasema kungoja milisekunde 5 kwatosha; walioandika msimbo wa Linux waliamua kungoja 10, wakaacha maelezo papo hapo yanayosema wazi kwamba wanajua kanuni yataka 5 tu. Mapigo yakirudishwa, kadi iliyoridhika huziinua nyaya zake, na nyimbo huanza kusomwa. Isipoziinua, huzimwa kabisa, ikapumzishwa, ikaamshwa tena kama kwamba ndiyo kwanza imechomekwa.

Hizo milisekunde 5 za ziada ndizo zinazonipendeza kupita yote. Hakuna mnunuzi atakayezihisi wala muuzaji atakayezitaja. Zimewekwa kwa ajili ya bodi ambayo kidhibiti chake ni kizito, au kapasita yake ni kubwa kuliko ilivyopasa, au kadi yake ni ya bei nafuu iliyopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kibandani. Yaani zimewekwa kwa ajili ya vyombo vile vile ambavyo watu wetu huvinunua.

Upo utaratibu mwingine wa kutanguliza na kuakhirisha, unaohusu prosesa. Ikitakiwa kwenda mbio, volti sharti ipandishwe kwanza, itulie, ndipo kasi iongezwe. Ikitakiwa kwenda polepole, kasi hupunguzwa kwanza ndipo volti ishushwe. Atakayepindua utaratibu huo, hata kwa kitambo kidogo sana, atakuwa ameiacha prosesa ikimbie kwa volti isiyoimudu, na hesabu zake zitaharibika. Faida yake ni kubwa, kwa sababu matumizi ya nguvu hufuata kipeo cha pili cha volti: ukiishusha kutoka 1.0 hadi 0.8, yanabaki asilimia 64 ya yale ya mwanzo, kabla hujaigusa kasi. Mjini hesabu hiyo huwa ni raha ya kutotafuta chaja mchana. Vijijini, penye nyumba ambayo umeme wake wote watoka katika kibao cha jua kilichonunuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo kwa M-PESA, kama vile M-KOPA walivyoanza kuuza mwaka 2012, au penye nyumba isiyo na kibao na ambayo simu yake hupelekwa dukani ikachajiwe kwa shilingi chache, asilimia hizo huwa ni fedha, na huwa ni mwendo wa miguu katika matope ya mwezi wa Mei.

Kuna na subira. Kiendeshi kikiamka kabla ya kidhibiti kinachokilisha, hakikasiriki wala hakiendelei kwa kubahatisha. Hujibu kwamba kirudiwe baadaye, na mfumo hukirudia. Vidhibiti ambavyo hakuna aliyeviomba huzimwa mfumo ukishaamka, lakini baada ya kungojwa sekunde 30, kwa kuwa huenda yuko aliyechelewa.

Afrika Mashariki haikukaa mbali na kazi za namna hii. BRCK, kile kisanduku cha intaneti kilichobuniwa Nairobi na kutangazwa mwaka 2013 na watu wa shirika la Ushahidi, kilikusudiwa tangu mwanzo kwa nchi ambamo umeme hukatika, nacho kiliahidiwa betri ya saa 8. Na mwishoni mwa mwaka 2023 kulifunguliwa Athi River kiwanda cha kuunganisha simu za Android. Kuunganisha ni mwanzo mwema. Lakini yule anayeiandika mipaka ya volti za bodi ndiye aliyeijua bodi kwa hakika, na natamani kuona jina la mtu wa kwetu, pengine aliyesomea uhandisi wa umeme au elimu ya kompyuta hapa hapa Kakamega katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, likitiwa chini ya kazi hiyo. Hakuna mlango uliofungwa: msimbo wote wa vidhibiti katika Linux uko hadharani, pamoja na mabishano ya miaka mingi juu ya kila mstari wake. Mwanafunzi atakayeniuliza aanzie wapi, nitamwambia asianze na vidhibiti vyenyewe, aanze na memori kadi, kwa kuwa mtu huifahamu hazina upesi zaidi akimtazama mwombaji. Kisha achukue bodi ndogo ya bei nafuu, mathalan Raspberry Pi, awashe Linux kutoka diski ya USB badala ya kadi, afungue faili iitwayo regulator_summary, ambamo kila kidhibiti huorodheshwa pamoja na volti yake, mipaka yake, na idadi ya walioomba. Achomeke kadi, aisome tena. Aichomoe, aisome mara ya tatu, na aitafute ile namba iliyobadilika.